Afande, hiyo MBA ya nini?

Alikuja na faili la plastiki lenye kifungo, akalitia ndani ya mfuko mwingine wa plastiki ili maji ya bahari yasilifikie kwenye boti ya kutoka Mokowe. Tukakaa Mkunguni, hapa Lamu, mbele ya Ngome, upande wenye kivuli. Ndani ya faili mlikuwa na cheti chake cha sekondari, KCSE, kitabu alichopewa alipoaga jeshi, vyeti 4 vya kozi za injini na utunzaji ghala, na karatasi aliyoichapisha saiba yenye karo ya MBA, shahada ya uzamili ya biashara, ya chuo kimoja cha Nairobi. Utumishi wake katika Jeshi la Wanamaji ulikuwa umekwisha, kiinua mgongo kimeshaingia benki, na swali lake lilikuwa moja.

"Mwalimu, nikiilipia hii MBA, nitaweza biashara?"

Mimi hufundisha hesabu za biashara, kwa hivyo swali hili si geni kwangu. Lake lilikuwa na mkia. Miaka kadhaa alifanya kazi Magogoni, kwenye ile kambi ya Manda Bay ambayo ulimwengu mzima uliisikia Januari 2020 iliposhambuliwa. Hapo alizoeana na askari mmoja wa Kimarekani aliyemwambia kwamba akitoka jeshini ataingia skuli ya biashara, serikali ilipe, kisha aajiriwe na kampuni kubwa. Na kweli, baadaye akaona picha zake mtandaoni, amevaa joho. "Yeye na mimi tumechomwa na jua moja," akaniambia. "Yeye kapita mlango gani?"

Kisa cha yule Mmarekani hakina uongo. Tatizo ni kuking'oa kizima kizima na kukipanda Lamu. Ndani yake mna mambo matatu yaliyoshikana kama nyavu zilizotupwa mashuani bila kukunjwa: nani analipa, shahada yenyewe inafanya kazi gani, na mtu anaingia na karatasi zipi.

Tuanze na mlipaji. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, Rais Roosevelt alitia saini sheria ambayo Wamarekani waliizoea kwa jina la GI Bill. Walikuwa na hofu. Baada ya vita vya kwanza askari waliachwa wajitegemee, na mwaka 1932, njaa ilipokaza, maelfu yao walipiga kambi Washington kudai malipo waliyoahidiwa, wakafukuzwa na jeshi lilelile walilolitumikia. Sasa karibu watu milioni 16 walikuwa watarudi makwao kwa mpigo mmoja. Serikali ikaona heri iwapeleke darasani kuliko iwaone tena barabarani. Ikawalipia karo, vitabu na posho ya kuishi. Kufikia 1956 karibu milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kufunzwa kazi kwa fedha hizo. (Sheria ilikuwa ya wote kwa maandishi tu. Askari weusi wengi, hasa wa majimbo ya kusini, walikuta milango ya vyuo na ya benki imefungwa.) Harvard, iliyokuwa ikifundisha shahada hii ya uzamili ya biashara tangu 1908, ilijaza madarasa yake na watu waliotoka vitani, na wengi wa waliohitimu 1949 walikuja kuongoza makampuni makubwa.

Sheria inayotumika leo ilianza kulipa Agosti 2009. Mtu aliyetumikia miezi 36 baada ya Septemba 2001 hupata miezi 36 ya kusomeshwa. Akisoma chuo cha umma, karo hulipwa yote kwa kiwango cha mkaazi wa jimbo. Akisoma chuo binafsi kuna kikomo cha mwaka ambacho sasa ni karibu dola 30,000, na skuli kubwa za biashara hutoza zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka. Pengo hilo huzibwa na mpango uitwao Yellow Ribbon: chuo kinachokubali hubeba sehemu ya pengo, na serikali huongeza kiasi hichohicho. Juu yake kuna posho ya nyumba na fedha kidogo za vitabu.

Miezi hiyo 36 ni sawa na miaka 4 ya masomo, kwa kuwa mwaka wa chuo ni miezi 9 hivi. Askari wa kawaida aliyeingia jeshini na cheti cha sekondari huimaliza yote kwenye shahada ya kwanza. Wanaoitumia kwa MBA aghalabu ni wale walioingia jeshini na shahada tayari mkononi, yaani maafisa. Nilipomuuliza rafiki yangu yule Mmarekani alikuwa na cheo gani, akajibu bila kufikiri: "Kapteni." Rafiki yangu mwenyewe aliaga akiwa sajini. Jua lilikuwa moja, ila ngazi zilikuwa mbili tangu siku ya kwanza.

Sisi tuna historia yetu, nayo haina joho. Babu zetu wa Keya, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, waliorudi kutoka vita vya Bama (Burma) walikuwa na vijisenti vya mishahara waliyoiweka na kiinua mgongo kisicho kikubwa. Wengi wakakimbilia duka, wengine lori. Serikali ya kikoloni iliwafunza baadhi yao kwenye Skuli ya Jeanes, Kabete, lakini leseni zilikuwa ngumu, mtaji mdogo, na wenye maduka waliowatangulia wanawazidi kwa kila kitu. Mengi ya maduka hayo yalifungwa. Kenya ya leo ina Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya 2022, nayo ni hatua, kwa kuwa angalau aliyeondoka jeshini anatajwa kama mtu mwenye haki zake. Lakini haijawa ile sheria ya kumkabidhi kila anayetoka miaka 4 ya karo mfukoni. Mkenya anayetaka uzamili hulipa mwenyewe, au huomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ambao huwafikia hata wanaosoma uzamili, au hushindania ufadhili.

Jambo la pili ndilo watu wa baraza wasilolijua, na mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Kule Marekani, MBA ya miaka 2 ni soko la ajira lenye madarasa ndani yake. Makampuni ya ushauri, benki, viwanda, yote huja chuoni kuchagua watu kama madalali wa samaki wanavyongojea mashua ufukweni. Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili kuna likizo ndefu, na katika likizo hiyo mwanafunzi hupelekwa kampuni fulani kufanya kazi ya majaribio. Wakimpenda, humwajiri akimaliza. Likizo hiyo ndiyo daraja. Kapteni anaingia akiwa mtu wa kambi, anafanya kazi wiki 10 hivi ndani ya kampuni, anatoka akiwa na sifa mpya kwenye wasifu wake, na mwajiri hana tena haja ya kubahatisha.

Kwa hivyo njia ile, hata ikinyooka kabisa, humfikisha mtu kwenye kiti cha kuajiriwa. Sajini wangu hakutaka kiti. Alitaka boti mbili, ghala la barafu Mokowe, na kuwauzia hoteli za Shela na Malindi kamba na samaki. Kwa safari hiyo hakuna kampuni inayokuja chuoni kumchagua. Atajichagua mwenyewe.

Nikamwambia anionyeshe hesabu. Alikuwa nayo, imeandikwa kwa mkono wa mtu wa ghala, mistari imenyooka kama gwaride. Boti na injini: shilingi 900,000. Mapato ya mwezi: 180,000. Mafuta 70,000, nahodha na utingo 50,000, matengenezo 15,000. Inabaki 45,000. Akaipigia mstari mara mbili.

Nikaazima kalamu. Injini yako shilingi 400,000, na kwa maji ya chumvi tuseme itaishi miaka 4: hizo ni 100,000 kwa mwaka. Chombo chenyewe 500,000, miaka 10: 50,000. Jumla 150,000 kwa mwaka, yaani 12,500 kila mwezi ambazo boti inajila yenyewe na wewe unaziita faida. Toa. Zile 900,000, kama ungezitia kwenye hatifungani za serikali zinazolipa, tuseme, asilimia 12, zingekuletea 9,000 kwa mwezi wewe umelala. Toa. Na wewe unayeamka saa kumi alfajiri kuhesabu makreti, ungeajiri mtu wa kufanya hivyo kwa 20,000. Toa.

Imebaki 3,500.

Alinyamaza. Muuza kahawa akapita na dele lake akigonga vikombe, na tukamwita kwa sababu ya kunyamaza kuliko kiu. Na hapo, nikamwambia, hatujatia miezi ya kusi, bahari ikichafuka na boti zikakaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini yeye daftari alikuwa nalo, tena safi. Jeshi lilimfundisha kuhesabu kilichoingia na kilichotoka. Halikumfundisha kuhesabu kinachochakaa, wala thamani ya kile alichoacha kukifanya, kwa sababu jeshini injini ikifa inaombwa nyingine, na muda wa askari haulipiwi kwa saa.

Hilo ndilo skuli ya biashara inalouza kwa hakika: lugha ya fedha. Uchakavu, gharama ya mtaji, mzunguko wa pesa taslimu, kwa nini hoteli inayolipa baada ya siku 60 inaweza kukuua hata kama inanunua kila siku. Inauza pia marafiki, watu 40 au 50 ambao miaka 10 baadaye watakuwa kwenye benki, forodhani, kwenye kaunti. Na inauza muda wa kuvua magwanda taratibu, jambo ambalo nilikuwa nalidharau mpaka nikawaona darasani kwangu. Mtu aliyezoea kuitikiwa "ndiyo afande" anaketi kwenye kazi ya kundi na binti wa miaka 26 anayemwambia mbele ya wote kwamba hesabu yake si sawa. Akishinda kishindo hicho, atamweza mteja wa Langoni anayepinga bei, anaondoka, anarudi, anapinga tena. Mteja hapokei amri.

Lakini ile hesabu niliyoifanya kwenye karatasi ya karo haihitaji uzamili. Inafundishwa kwenye diploma, hata kwenye kozi ya miezi 6. Hapa ndipo naachana na wanaouza MBA kama kwamba ni dawa ya kila ugonjwa.

Tufike kwenye karatasi, mahali ambapo watu wetu huumizwa. Uzamili hujengwa juu ya shahada ya kwanza. Katika mfumo wa taifa wa sifa za elimu, wenye ngazi 10, shahada ya kwanza iko ngazi ya 7 na uzamili ngazi ya 9. Vyuo vyetu kwa kawaida hutaka daraja la pili la juu, au la pili la chini pamoja na miaka ya kazi. Sajini wangu ana KCSE na vyeti vya ufundi. Ile karatasi ya karo aliyonijia nayo ilikuwa ya nyumba ambayo bado hana ngazi yake ya kupandia. Mtu wa ofisi ya chuo hakumwuliza hata kama ana shahada, alimpa tu namba ya akaunti. Sitakitaja chuo.

Kwa mtu kama yeye kuna njia mbili. Moja ni kupanda kwa utaratibu: diploma, kisha shahada ya kwanza ambayo diploma hiyo huweza kuipunguza muda. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Mombasa, na tangu 2023 kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya kinachofundisha kwa mtandao, jambo lenye maana kubwa kwa mtu aliye Hindi au Kizingitini, huku kwetu Lamu. Ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao Mamlaka ya Taifa ya Sifa za Kielimu inausimamia: fundi wa injini za meli anapimwa na kupewa cheti cha kile anachokijua tayari. Njia hiyo imekomaa zaidi upande wa ufundi. Itampa cheti cha kuombea tenda au mkopo, haitamrusha mpaka uzamili.

Kwa afisa mambo ni mengine. Anayetoka akiwa kapteni au meja mara nyingi ana shahada, na siku hizi mafunzo ya jeshi yenyewe yameingizwa chuoni, kwani Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi kilipewa hati yake 2021. Kwa huyu mlango uko wazi, na swali lake ni uzamili upi. MBA ni ya mtu anayetaka kuongoza kila kitu kidogo kidogo, au kuingia kampuni kubwa. Mwanamaji anayeitazama bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, huenda akafaidika zaidi na uzamili wa ugavi na uchukuzi, au wa mambo ya bahari. Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia kilichoko Malmö, Uswidi, kilianzishwa na shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa majini mwaka 1983 kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa, na wengi wa wanafunzi wake husoma kwa ufadhili. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia uzamili wa mwaka 1, unataka uzoefu wa kazi wa miaka 2, na humtaka mtu arudi kwao miaka 2 akimaliza, sharti ambalo kwa mwenye azma ya kufanya biashara Lamu si adhabu.

Maombi hayo huanguka zaidi kwenye wasifu kuliko kwenye alama. Nimesoma wasifu wa askari wengi na karibu wote huandika cheo, kikosi na "nidhamu nzuri". Msomaji wa chuo hajui sajini wa ghala hufanya nini. Tulichukua mstari mmoja wa yule bwana: "Nilikuwa msimamizi wa stoo." Nikamwuliza: vitu vingapi? Vya aina 2,000 na zaidi. Chini yako watu wangapi? 6. Ukaguzi? Mara mbili kwa mwaka. Kiliwahi kupotea kitu? Akacheka: "Mwalimu, kingepotea ningekuwa hapa?" Basi tukaandika: nilisimamia ghala la vipuri vya aina zaidi ya 2,000 pamoja na wasaidizi 6, nikakaguliwa mara mbili kila mwaka bila upungufu. Mtu yule yule, kazi ile ile. Mwenye hoteli ya Malindi anaelewa sentensi hiyo, na afisa wa mikopo anaielewa pia.

Kuna mpaka, na askari wenyewe huujua kuliko mimi: kiapo na sheria ya siri za serikali havivuliwi pamoja na magwanda. Ukubwa wa kazi unaweza kusemwa. Mahali, safari na zana haziandikwi. Akiwa na shaka, amwulize mkubwa wake wa zamani kabla ya kutuma. Na barua ya mkubwa huyo, ikipatikana, iombwe mapema, akiwa bado anamkumbuka. Afande akistaafu naye akaenda kwao Kitui au Kisii, kumtafuta ni safari.

Kuhusu wakati wa kuanza, nina msimamo ambao wengine hawaupendi. Masomo yaanze mtu angali na mshahara. Askari aliye kambini hupata jioni chache na likizo, na anahitaji ruhusa ya wakubwa, lakini kila somo analolimaliza humo hulilipia kwa mshahara. Akingoja mpaka aage, karo inakula kiinua mgongo, na wakati huohuo watoto wanaingia sekondari, ndugu wamesikia, na mwenye kiwanja cha Hindi ameshapiga simu mara tatu. Uzamili kwenye chuo cha umma ni laki kadhaa. Kwenye skuli binafsi za Nairobi huvuka milioni. Ongeza chumba cha kupanga Nairobi na mapato unayoyakosa kwa miaka 2. Boti ya shilingi 900,000 inaanza kuonekana rahisi.

"Kwa hivyo niache?" akaniuliza.

Sikumwambia aache. Nilimwambia ile karatasi ya karo airudishe kwenye faili, aanze na boti moja badala ya mbili, na ajiandikishe kozi ya jioni ya hesabu na usimamizi kabla ya kusi kuanza, kwa sababu kusi boti itakaa na yeye atakuwa na nafasi. Barafu aanze kwa kununua kwa wengine, asijenge ghala. Baada ya mwaka 1 atakuwa na daftari la boti moja lenye uchakavu ndani yake, na benki itamsikiliza kwa daftari hilo kabla haijauliza shahada. Akiona bado anataka shahada, aanze diploma, na uzamili utamkuta njiani akiwa na biashara ya kuupeleka darasani, badala ya kwenda darasani kutafuta biashara.

Alifikiri kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kama katika ile hesabu ya boti angemweka mkewe asimamie makreti, zile 20,000 zitolewe au zisitolewe?

Nikamwambia zitolewe, na apewe mkewe. Akafunga kifungo cha faili, akalitia kwenye mfuko, akashuka gatini kuwahi boti ya mwisho ya Mokowe.